Elkana Obura, Mtafutaji wa Gitaa Jekundu

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Elkana Obura wa Idara ya Umeme atarudisha funguo za karakana na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Turwa kwa miaka thelathini na mitatu. Aliajiriwa Februari 1992. Wakuu wa chuo wamekuja na kuondoka, mabati ya karakana yake yamebadilishwa mara mbili, lakini yeye na kile kiti chake kisicho na mgongo wamebaki palepale.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa sababu karakana ya uashi imepakana na ya umeme, na muda wote huo nimemsikia kupitia ukuta. Waliniomba pia niandike ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini wanaomfahamu wanajua mwaka huu umemtendea nini, na mimi siwezi kukaa hapa nikajifanya sijui.

Mwalimu Elkana alizaliwa Utegi mwaka 1965, mtoto wa pili wa mzee Obura na mama Susana. Alisomea umeme Mwanza, akaja kwetu akiwa kijana mwembamba mwenye suruali pana. Nyaya zote za mabweni ya wasichana alizitandaza yeye. Jenereta lililotuvusha miaka ya mgawo wa umeme alilifufua yeye, na mpaka leo hakuna mwingine anayekubaliwa kuliwasha. Wanafunzi wake wametapakaa kuanzia Sirari mpaka Mugumu, na wote wanakumbuka swali lake moja. Alikuwa akishika kazi ya mwanafunzi, anaigeuza kwenye mwanga, anauliza kwa upole, "Hii ni lehemu au kinyesi cha mbuzi?" Gladys, ambaye sasa ni fundi umeme Musoma, anasema kila anaposhika chuma cha kulehemu hulisikia swali hilo, na hufuta na kuanza upya.

Wapo watakaokumbuka mahafali ambayo mgeni rasmi alihutubia mpaka pilau ikaanza kupoa. Ghafla vipaza sauti vikapata hitilafu. Fundi akatafutwa kila mahali, akaonekana baadaye nyuma ya jiko, sahani mkononi, akiwa amefika kwenye nyama. Hitilafu ile haikupata maelezo mpaka leo, na kamati imenionya nisiyatafute.

Sasa nifike kwenye kelele. Kila Jumamosi mchana karakana ya umeme ilikuwa ya Wazee wa Besi. Nao ni wanne: Elkana mwenyewe; Wangwe, karani mstaafu wa mahakama mwenye sauti ya kuita ng'ombe; Efrazia, muuza vitenge wa sokoni Tarime; na Hezekia, mkulima wa Issenye anayepiga besi kwenye kwaya ya kanisa lao. Mtu akileta gitaa kuukuu la besi, linalazwa mezani, na kila mmoja anakisia mwaka lilipotengenezwa kabla halijafunguliwa. Wanakagua mbao, wanapapasa skrubu, wananusa. Halafu Elkana anafungua kifuniko cha mgongoni na kusoma namba iliyogongwa kiwandani kwenye tumbo la vifundo vya sauti. Namba hiyo, kwa anayejua kuisoma, inataja mwaka na wiki. Aliyekosea kuliko wote ananunua mandazi.

Ungefikiri ni kazi ya dakika tano. Ilichukua mchana mzima, maana kila aliyekisia alileta na ushahidi wa ujana wake. Wangwe aliwahi kuapa kwamba gitaa fulani alilipiga kwenye arusi ya dada yake mwaka 1975; lilipofunguliwa likasema 1983, akasema kiwanda kimekosea. Efrazia alisimulia jinsi baba yake alivyoingia dansini kumtafuta mnunuzi wa ng'ombe, akamkuta binti yake jukwaani na besi kifuani. Mzee akaketi, akangoja wimbo uishe, ndipo akamshika mkono wakaenda nyumbani. Hezekia naye alikatazwa besi na wazee wa kanisa wakisema ni ya walevi, akawa anaipiga kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Mabenchi yakatetemeka, waumini wakasema ni Roho. Nilicheka mpaka nikaacha chokaa ikagandia kwenye beseni.

Elkana peke yake hakuwa na hadithi. Aliwachekea wenzake, akafungua, akasoma, akafunga. Alifungua hata magitaa yaliyoletwa kubadilishwa nyuzi tu. Likija jekundu la Kijapani, na ya rangi hiyo yalikuwa yanapitia Kenya mengi, alinyamaza kabisa mpaka amalize kutazama ndani. Sisi tuliona ni ufundi wake. Kila likizo alivuka Sirari kwenda Migori, Homa Bay, Kisumu, akirudi na magitaa mabovu mgongoni. Tulimtania kwamba ana mke wa pili huko. Mke wake, mama Sheila, alikuwa akitabasamu tu, na sasa tunajua kwa nini hakuwa na wivu.

Elkana alikuwa na kaka, Rubeni, aliyemtangulia kwa miaka mitatu. Dhahabu ilipowaita watu wa kila kabila upande wa Nyamongo, mwishoni mwa miaka ya themanini, walifuata wauza pombe, wauza mitumba na bendi. Bendi ya Gurumeti Nyota ilipiga kila mwisho wa wiki kwenye baa ya maturubai ya mama mmoja aitwaye Bernadetha. Rubeni, ambaye siku za kazi alichimba, alipiga besi, gitaa jekundu alilolitoa Kisumu. Elkana alikuwa fundi wa vyombo kabla hajasomea ufundi wowote. Siku moja walevi waligombana, tundu la waya la lile gitaa likavunjika. Elkana akakata kipande cha mfuniko wa sufuria ya mama yake, akakitoboa, akakifunga mahali pa tundu kwa ndani, akalehemu kwa msumari uliopashwa moto. Mama Susana alifunika ugali kwa sahani miezi mingi, na hakuacha kulalamika.

Mwaka 1991, Elkana akiwa masomoni Mwanza, mvua zilinyesha mfululizo na duara moja likaanguka. Duara ndilo shimo la wachimbaji wadogo. Waliokuwa ndani hakuna aliyewahesabu. Machimboni watu walijulikana kwa majina ya utani, Rubeni akiitwa Besi, na nyumbani kwa mzee Obura hakuna aliyetumwa. Familia ilipoanza kuuliza, wapo walioapa kumwona akivuka Sirari, gitaa mgongoni. Habari hiyo ndiyo iliyopendeza, wakaishika.

Mama Susana aliishika mpaka alipofariki mwaka 2009. Jumapili alifungua redio za Kenya, anainamisha kichwa, anasema, "Huyo ni Rubeni." Kwa Wajaluo, mtu aliyepotea na mwili usionekane huzikwa kwa tunda la yago, lile refu na zito, likiwekwa kaburini badala yake. Wazee wa ukoo walimshauri hivyo mara nyingi. Akawajibu, "Nizike mtoto anayepiga gitaa Kisumu? Mna akili nyinyi?" Akamwachia Elkana kazi ya kuendelea kutafuta, na Elkana akaifanya, gitaa moja baada ya jingine, akitafuta mfuniko wa sufuria ndani ya tumbo.

Machi mwaka huu Hezekia alifika na bodaboda kutoka Issenye, amebeba kitu kwenye gunia. Alisikia msibani kwamba bibi mmoja ana gitaa la zamani juu ya dari, akaliazima ili lipimwe umri. Lilikuwa jekundu, limepauka. Efrazia alikisia 1982. Wangwe akasema 1975. Hezekia akasema 1978. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kuazima nyundo.

Elkana alifungua skrubu nne, akainua kifuniko, akatazama. Ndani palikuwa na kipande cha bati la sufuria, na juu yake donge la lehemu baya kuliko yote niliyowahi kuyaona katika karakana ile. Wangwe, ambaye hakujua lolote, akauliza, "Haya sema, nimepata?" Elkana akaisogeza taa, akasoma namba kwa sauti yake ya kawaida. "Sabini na sita. Mandazi ni ya Efrazia." Kisha akaweka bisibisi mezani, akatoka nje, akasimama akiutazama ukuta wangu wa matofali.

Kesho yake alikwenda Issenye. Bibi mwenye gitaa alikuwa Bernadetha mwenyewe, aliyerudi kwao biashara ya machimboni ilipokwisha. Hezekia alikuwepo, ndiye aliyetusimulia. Elkana alimpa shikamoo, akasema yeye ni mdogo wake Besi. Bibi akamwangalia kwa hasira kwanza. "Ndiyo mnakuja leo?" Akasema Rubeni alimwachia gitaa siku ya Alhamisi, aliombwa kushika zamu ya mwenzake aliyekuwa na homa, akasema shimoni hakushukwi na gitaa, atalifuata Jumapili. Shimo likaanguka usiku huohuo. "Mimi nilijua nyinyi mnajua. Nikangoja. Nikasema, hawa ni watu gani, hata gitaa la marehemu wao hawalifuati? Sikuliuza. Nimehama nalo mara tatu." Elkana akamuuliza kama walichimba kuwatafuta. Bibi akasema hakuna aliyechimba, wenye shimo walihamia jingine wiki hiyohiyo. Halafu akaanza kulia, na Elkana ndiye aliyembembeleza.

Miaka yote hiyo gitaa lilikuwa mkoani humuhumu, mwendo wa asubuhi moja kwa basi, naye alikuwa akilitafuta Kisumu. Nimejaribu kutafuta namna ya kuliandika jambo hili lipungue uchungu, nimeshindwa. Inauma, basi.

Tangu siku hiyo Mwalimu Elkana hajafungua gitaa jingine lolote. Yaliyoletwa yamepangwa kwenye rafu, yana vumbi. Wangwe, Efrazia na Hezekia huja Jumamosi, hunywa chai, huondoka mapema. Darasani amefundisha mpaka kipindi cha mwisho bila kukosa hata siku, ila lile swali la mbuzi hatujalisikia tena. Mwanafunzi mmoja alilehemu ovyo makusudi ili alisikie. Mwalimu aliitazama kazi, akasema, "Itashika," akaenda kwa mwingine.

Kwenye droo yake kuna hati mpya ya kusafiria. Alikuwa amepanga kwamba akistaafu atatafuta kwa utulivu, bila kukimbizana na likizo, afike Nakuru, afike mpaka Mombasa ambako hajawahi kuuliza. Wastaafu wengine tuliowaaga walikuwa na ng'ombe wanaowangoja, au duka, au wajukuu. Yeye alikuwa na kaka. Kazi hiyo imekwisha miezi mitatu kabla ya hii ya mshahara, na sioni tutampa nini cha kuiziba nafasi yake. Saa ya ukutani iliyonunuliwa na kamati ni nzuri, lakini ni saa tu.

Jumamosi tarehe 5 Julai, Rubeni Obura atazikwa Utegi, kando ya mama yake. Wazee wa ukoo wameshalichuma tunda la yago, na mchungaji amekubali kuja. Wazee wa Besi walibishana kuhusu gitaa. Wangwe alisema likizikwa ni hasara, Efrazia akasema lisipozikwa ni deni kwa marehemu. Elkana akawanyamazisha. Alikifungua kile kipande cha mfuniko, akakifunga kwenye leso. Kitaingia kaburini pamoja na tunda, kwa sababu ni mali ya mama. Gitaa lenyewe liko sebuleni kwake, halina nyuzi, na amesema hatalipiga.

Mwalimu Elkana, chuo kinakushukuru kwa kila taa inayowaka ndani ya uzio huu, kwa mamia ya mafundi uliowalea, na kwa zile Jumamosi zilizonichelewesha kazi. Katika karatasi kama hii huwa tunamtakia mstaafu mapumziko mema, na tunakutakia, ingawa tunajua usingizi wako wa siku hizi ulivyo. Afya njema kwako na kwa mama Sheila. Mlango wa uashi uko wazi, uje hata kukaa tu.

Zawadi ya idara yetu haimo kwenye orodha ya kamati. Tumeongea na wazee wa ukoo wako, wamekubali. Tarehe 5 tutafika Utegi alfajiri na sururu na majembe yetu, walimu na wanafunzi. Wewe kaa kitini na wageni wako. Kaburi la Rubeni tutalichimba sisi.

Gati Matiko,
Idara ya Uashi