Mwandiko Ulikuwa Wangu

Wakubwa, shikamooni. Kina mama wenzangu, mmezoea nikisimama hapa naanzisha pambio. Leo nina aibu yangu ya mwaka juzi, na nimechoka kuibeba peke yangu.

Mnajua nina chekechea uani kwangu, pale Chang'ombe. Nilianza vizuri. Watoto walipanga visoda, walijenga vijumba vya udongo, walijifanya wauza nyanya. Nilijua ninachofanya, nilikisomea. Lakini wazazi wakaanza maneno. Mtoto anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, daftari jeupe. Mama mmoja akasema kucheza hata nyumbani anacheza, akamhamisha wake. Wa pili akafuata. Ndugu zangu, nawaambia, badala ya kuwaelewesha wale wazazi, niliwaogopa.

Nikafungia visoda stoo. Watoto wakakaa kwenye mabenchi na penseli. Miaka mitatu, minne, vidole bado laini, wataandika nini? Basi nikawa nawashika mkono mmoja mmoja, naandika mimi kwa mkono wao: a, e, i, o, u, moja mpaka ishirini. Kisha nachukua kalamu nyekundu, naweka vema. Chekeni tu. Mwalimu mzima najisahihishia mwenyewe, na wazazi wanafurahi kweli kweli.

Kulikuwa na binti wa miaka mitano, mpole sana. Daftari lake lilishinda yote. Siku moja bibi yake akaja kutoka Mlali na kifurushi cha karanga, akapita kumchukua. Nikamwamkia, nikamwonyesha daftari kwa mbwembwe. Bibi akafurahi, akamwaga karanga mkekani, akamwambia mjukuu amhesabie mwalimu tano.

Mtoto hakugusa karanga. Alikunja vidole kama ameshika penseli, akaninyooshea mkono, akasubiri nimshike.

Bibi alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akalifungua tena lile daftari.

"Mwalimu, huu mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu, bibi," nikasema, machozi yakanitoka.

Hakunigombeza, wala hakumwondoa mtoto. Aliniambia niwaite wazazi niwaeleze kwa mdomo wangu. Niliwaita. Jamani, siku ile nilisemwa mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Watoto kumi na mmoja waliondoka, wakabaki sita.

Bibi alikaa mjini wiki tatu. Kila asubuhi alikuja, akachimba kishimo uani, akacheza mdako na watoto. Unarusha kokoto juu, unachota nyingine shimoni kabla ile haijatua, na lazima ujue umechota ngapi. Yule binti alikaa pembeni siku nyingi, vidole vimekunjwa mapajani. Nami nilijizuia kumshika. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Mpaka asubuhi moja tu, bila mtu kumwita, akamdaka mwenzake mkono.

"Umechota tano. Tumesema tatu."

Wakagombana, kelele uani kote. Mimi huyo jikoni, nalia kwa furaha. Niliwaacha wagombane.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule bibi. Na nyinyi mlioniachia watoto wenu baada ya kuusikia uongo wangu, mnajijua, wengine mmekaa hapo mbele mnaangalia chini. Asanteni sana. Siku hizi kila muhula wazazi wanakuja, wanakaa chini, wanacheza na watoto wao. Baba mmoja alishindwa mdako na bintiye mara nne, akaomba arudie. Uani kumejaa tena.

Ninachowaomba ni hiki. Mtoto akirudi na vumbi, usikimbilie begi kutafuta daftari. Muulize mmecheza nini leo, halafu vuta kigoda, maana atakueleza mpaka ugali uungue.

Yule binti sasa yuko darasa la pili. Juzi mama yake alinionyesha daftari. Mwandiko mbaya, nawaambia ukweli. Mistari inapanda na kushuka, saba imegeukia kusiko. Lakini hakuna mtu aliyemshika mkono.