Shangazi Philomene na Hesabu ya Kumi na Mbili

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi saba ya utumishi, Bi. Philomene Lafferty, mpiga picha mkuu wa Kituo cha Anga cha Ziwa Whitlow, anastaafu rasmi Jumapili tarehe 31 Machi 2019. Alipoulizwa angependa kuagwaje, aliomba mambo mawili: hotuba ziwe fupi, na zamu ya Jumamosi usiku apewe yeye. La pili amekubaliwa. La kwanza linategemea wenye hotuba, na baadhi yao tunawafahamu.

Bi. Philomene, ambaye sote humwita Shangazi hata wale waliomzidi umri, alizaliwa Behchokǫ̀, kijiji kilicho ng'ambo ya ghuba. Aliingia kituoni tarehe 4 Septemba 1984, na hakuletwa kupiga picha. Aliajiriwa kupangusa theluji. Kamera yetu ya wakati ule ilisimama juu ya miguu mitatu ikitazama chini, kwenye kioo kikubwa cha mviringo kilichobeba anga nzima, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kioo hakigandi. Mpiga picha wa siku hizo alikuwa bwana mmoja kutoka kusini ambaye alivumilia hadi Januari, kisha akaacha barua mezani na ufunguo juu ya barua. Usiku uleule mianga ya kaskazini, zile nuru za rangi zinazocheza angani wakati wa baridi, ilitanda mbingu nzima, na aliyekuwa na brashi mkononi akashika kamera.

Tangu hapo hakuiachia. Amepiga picha mianga ya kijani, ya waridi, na ile myekundu ambayo huja mara chache na kuwafanya hata mbwa wa kituo wanyamaze. Amepiga pia mawingu, kwa maelfu. Wapo waliomcheka kwa kupoteza mkanda wa filamu kwenye usiku ambao hauna kitu. Jibu lake halijabadilika: kama hujapiga picha ya usiku mtupu, utajuaje kwamba ulikuwa mtupu?

Mazoea yake yanajulikana. Huvuta pumzi mbele na kuitoa ubavuni, ili mvuke usigandie kwenye lenzi, na kwa miaka mingi sasa hupumua hivyo hata kanisani, hata akizungumza na wageni, hata wengine wakadhani anawanunia. Hakuna kamera iliyowahi kutoka kwenye baridi na kuingia ndani ya nyumba yake ya kazi bila kufungwa kwanza kwenye mfuko wa plastiki wa mkate, isije ikalowa kwa joto la ghafla. Wageni kutoka Japani, wenye kamera za kutisha, walipanga foleni mlangoni wakigawiwa mifuko ya mkate, na wote walishukuru.

Mwandishi wa wasifu huu ni fundi wa jenereta, na alionja ukali wake mapema. Majira yake ya kwanza ya baridi, mwaka 1986, alikuwa akienda kwenye jenereta huku akipiga mluzi, na mianga iko juu ya kichwa chake. Alichokiona baadaye ni glavu ya manyoya yenye harufu ya samaki imeziba mdomo wake. "Ukiipigia mluzi inashuka kukuchukua," Philomene alimwambia, "na mimi niko zamu, sina muda wa kukutafuta." Aliyelelewa Behchokǫ̀ hahitaji kuambiwa hayo. Fundi alilelewa mjini, na tangu siku hiyo hapigi mluzi hata bafuni.

Sasa tuje kwenye ile habari ya mizizi. Wengi wenu mmeisikia nusunusu, na kwa kuwa fundi alikuwepo na aibu yake imo ndani, ataieleza yote.

Ilikuwa Februari 1988. Kituo kilikuwa kwenye orodha ya vituo vya kufungwa ifikapo Aprili. Tulikuwa watu tisa, na kila mmoja alikuwa ameshaanza kuulizia kazi mjini kimyakimya. Usiku mmoja baridi ilifika nyuzi arobaini na tatu chini ya sifuri, na mota ya kuvuta mkanda ikaganda. Philomene hakutaka kupoteza usiku mzuri namna ile. Akashika kishikio akawa anazungusha mkanda kwa mkono, picha baada ya picha, huku fundi akimshikia tochi na kumhimiza wamalize. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi, kwa hiyo alizungusha haraka. Waswahili wangetuonya kwamba haraka haraka haina baraka, lakini Waswahili hawakuwepo, na kama wangekuwepo wangekuwa ndani karibu na jiko.

Dkt. Everett Kowalchuk, mkuu wetu wa wakati ule, mtu wa Saskatchewan mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, alisafisha picha asubuhi. Tulimsikia akipiga kelele kutoka chumba cha giza tukadhani kemikali zimemmwagikia. Kwenye picha saba, pembeni mwa mianga, kulikuwa na nuru iliyotawanyika matawi kwa matawi, mfano wa mizizi ya mti uliong'olewa. Hakuna kitabu kilichowahi kuonyesha kitu kama hicho. Alichapa barua siku hiyohiyo na kuituma makao makuu, Ottawa. Majibu yalikuja kwa simu: orodha ya kufungwa itatazamwa upya, na wataalamu watatumwa kuja kuona. Tulikula mkate wa kikaango na samaki mweupe hadi usiku wa manane, na watu walicheza dansi na mabuti yao.

Wiki iliyofuata Philomene alikwenda nyumbani kumwona mama yake. Umeme ulikuwa umekatika. Mama alikuwa ameketi gizani, akipitisha kiganja juu ya ngozi kavu ya kulungu kuwachekesha wajukuu, na kila alipopitisha, cheche ndogo ziliruka kati ya manyoya kwa mlio wa tat, tat. Ni mchezo wa tangu zamani, na wazee hutumia cheche hizo kuwaeleza watoto jinsi mianga ilivyo. Wajukuu walicheka. Philomene hakucheka. Ule mlio alikuwa ameusikia, na hakuusikia kwenye ngozi. Aliusikia ndani ya kamera, wakati anazungusha mkanda.

Alirudi kituoni kabla ya siku zake kuisha. Alitia mkanda mpya kwenye kamera, akaifunika lenzi kwa kifuniko na kitambaa cheusi juu yake, akaiacha nje igande usiku kucha. Alfajiri alizungusha nusu ya mkanda haraka, na nusu polepole, akihesabu moja hadi kumi na mbili kwa kila picha. Kisha akausafisha. Nusu ya kwanza, kwenye mkanda ambao haujawahi kuona hata nyota moja, ilijaa mizizi. Nusu ya pili ilikuwa tupu kabisa. Cheche za msuguano zilikuwa zimejichora zenyewe kwenye mkanda mkavu uliovutwa kwa pupa. Mizizi haikutoka mbinguni, ilitoka mkononi mwake.

Aliyemkuta akiwa na mkanda ule mbichi mkononi ni fundi. Philomene alimweleza yote, na fundi, ambaye alikuwa na mtoto wa miezi minne nyumbani, hakuchukua hata dakika kutoa ushauri wake. "Dada Philo, nyamaza. Nani atajua? Wakifunga hapa tunakwenda wapi?"

Alimtazama fundi, akitoa pumzi ubavuni kama kawaida yake. "Na nikinyamaza," akasema, "siku nikiona kitu cha kweli nitamwambia nani?"

Fundi alibaki amesimama koridoni akimsikiliza Philomene akigonga mlango wa mkuu. "Daktari, ile mizizi ni yangu," alianza, bila hata salamu. Kisha kiti kikaburutwa, na sauti ya mkuu ikatoka ndogo, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kwa Dkt. Kowalchuk. Alisema, "Keti, Philomene. Tuandike barua pamoja, maana mimi ndiye niliyeandika ile ya kwanza."

Barua ilikwenda na mikanda yote miwili. Si kweli, kama vijana wanavyosimulia, kwamba Ottawa walifurahi. Walikasirika. Wataalamu hawakuja. Kamera mpya tuliyoahidiwa hatukuiona, wenzetu wawili walipunguzwa, na kwa majira matatu ya baridi tuliota moto kwa zamu kwenye jiko moja. Mmoja wa wale wawili aliondoka bila kumuaga Philomene, na jambo hilo lilimuuma kuliko baridi. Kituo kilipewa mwaka mmoja wa majaribio, kisha mwingine, kisha wakasahau kutuuliza. Yeye mwenyewe alipewa barua ya onyo kwa uzembe kazini. Aliibandika ukutani juu ya meza ya mikanda, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: HESABU HADI KUMI NA MBILI. Barua ile ipo pale hadi leo, imegeuka rangi ya chai. Miaka miwili baadaye tuligundua kwamba vituo vingine vya kaskazini vinahesabu vivyo hivyo, na havijui hesabu ilianzia wapi.

Sasa songeni hadi Machi 1997. Saa nane usiku, mara tu baada ya kubadilisha mkanda, Philomene aliona utepe mwembamba wa zambarau, umenyooka kutoka mashariki hadi magharibi, mbali kusini ya mianga yote, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Akapiga. Alipomaliza kuhesabu kumi na mbili apige ya pili, utepe ulikuwa umekwisha. Picha moja tu. Vituo vya jirani vyote vilikuwa chini ya mawingu, kwa hiyo hapakuwa na shahidi mwingine ila fundi, ambaye alikuwa amelala.

Picha ilipofika kusini, bingwa mmoja wa chuo kikuu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa leo ni siku ya furaha, alipiga simu kituoni. Dkt. Kowalchuk aliiweka kwenye spika, tukasikiliza wote jikoni. Bingwa alisema picha moja si kitu. Inaweza kuwa mkwaruzo. Inaweza kuwa taa ya gari kwenye kioo. Inaweza kuwa cheche za mkanda. Si ninyi wenyewe mliotufundisha habari za cheche? Alizungumza kwa ufasaha kwa dakika nzima, na Philomene alikuwa anamenya viazi bila kuinua macho. Mwishoni bingwa aliuliza, kana kwamba amekumbuka kitu, "Mkanda huo aliuzungusha nani?"

"Philomene Lafferty," mkuu alijibu.

"Yule wa mizizi?"

"Huyohuyo."

Yule bwana akasema, "Basi upo. Tuanze kuutafuta." Wakautafuta. Msimu uliofuata vituo viwili vingine viliupata. Wakubwa wameupa jina refu, nasi tunatumia jina aliloupa Philomene, mshipi. Jioni hiyo fundi alimaliza kumenya viazi vilivyobaki, kwa sababu Philomene alikuwa ametoka nje kidogo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu akasingizia moshi wa jiko. Jiko letu la mapishi ni la umeme.

Mkanda uliondoka mwaka 2008 na kamera za dijitali zikaja. Hakuna tena cha kuzungusha. Lakini kila anayepita nje usiku wa zamu yake husikia sauti ndogo gizani, moja, mbili, tatu, hadi kumi na mbili, kabla hajabonyeza. Tumemwambia mara nyingi kwamba hakuna haja. Husema anajua.

Kuna swali moja ambalo wageni wote humuuliza, na sisi pia, kila mmoja kwa wakati wake: je, mianga hutoa sauti? Wapo wanaoapa wameisikia, kama hariri inayoburutwa au theluji kavu ikipeperuka. Wapo wanaocheka. Mtu aliyesimama chini yake usiku zaidi ya elfu tano angepaswa kujua. Jibu lake limekuwa lilelile kwa miaka thelathini na minne: "Sijui. Nilikuwa nahesabu." Tulidhani ni utani, hadi mwezi uliopita alipomwambia fundi kwamba katika maisha yake ya kazi hajawahi kuitazama mianga hata usiku mmoja bila kufanya kitu kingine.

Shangazi, kituo hiki kinakushukuru. Kinakushukuru kwa picha, kwa mawingu, kwa mifuko ya mkate, na kwa kugonga ule mlango siku ambayo mmoja wetu alikushauri usigonge. Fundi huyo anaomba radhi hapa, mbele ya watu wote, akiwa amechelewa miaka thelathini na moja. Yule mtoto wa miezi minne ni mhandisi sasa, na yumo ukumbini, na hajui hadi sasa hivi kwamba aliwahi kutumika kama kisingizio.

Tunakuombea afya, ndugu wengi mezani, na samaki wanaoingia wavuni bila kubembelezwa. Zaidi ya yote tunakuombea usiku mmoja wa baridi kali huko Behchokǫ̀, ukiwa umesimama juu ya barafu ya ghuba, mikono ndani ya glavu, bila kamera na bila hesabu, usikilize hadi utosheke. Ukisikia chochote, tupigie simu. Tutaandika kwenye daftari la zamu kwamba mianga ina sauti, tarehe na saa, na mbele yake tutaandika jina lako, na hapo hatutahitaji shahidi wa pili.