Nafasi ya Jina la Citoyen Ntirenganya

Mgeni rasmi, Citoyen Inspecteur Birindwa,

Sisi wanachama wanane wa Klabu ya Igisoro, hapa Himbi, tunakukaribisha kwa furaha, pamoja na woga ambao tutaueleza.

HISTORIA

Klabu ilianzishwa mwaka 1985 na Citoyen Ntirenganya, mwalimu wa hesabu, alipoachiwa ordinateur, yaani kompyuta, ndogo na fundi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mwalimu huyo ndiye aliyeifundisha kucheza igisoro, mchezo wetu wa kete na mashimo. Kumbukumbu ya mashine ni finyu mno. Kwa hiyo inafuata njia moja ya mchezo mpaka mwisho, inashika alama tu, inafuta njia yote, kisha inajaribu nyingine. Majina yetu pia yamo humo ndani, maana inamsalimu kila mchezaji kwa jina.

MAFANIKIO

Mwanzoni iliona mbele hatua nne. Sisi tulitaka tano. Ikabidi kufuta kitu, na Citoyen Ntirenganya akafuta jina lake mwenyewe huku anacheka: «Mimi niko hapa. Iko na lazima gani ya kunikumbuka?»

Tangu siku ile mashine haijashindwa na mtu, na kila mchezo inaufungua kwa shimo alilolipenda yeye.

MATATIZO

Jumatatu iliyofuata hakuja. Tulikwenda kumuulizia shuleni, wakasema hawajapata kuwa na mwalimu wa jina hilo. Mwenye nyumba wake wa Ndosho naye anasema hivyo hivyo, ingawa kila asubuhi anasalimiana na Mama Mukamugema, mke wa Citoyen Ntirenganya, mlangoni pa nyumba ile ile. Mama huyo alikuja klabuni, hakutaka hata kukaa. Alituambia: «Mumurudishe mule ndani. Niko nasahau sura yake.»

Tulijaribu. Mashine inajibu kwamba hakuna nafasi. Programu ya kwanza hatunayo tena. Tulirekodi ya pili juu yake, maana kaseti ya kuhifadhia programu ilikuwa moja. Kumwingiza yeye ni kumtoa mwingine. Tulipofika hapo kila mtu aliangalia viatu vyake.

MAOMBI

Tunaomba kipande cha kumbukumbu cha kuongezea mashine, hata kama kimetumika. Kije upesi, kabla Mama Mukamugema hajasahau kabisa.

Leo asubuhi, kwa heshima yako, katibu wetu ameingiza jina lako ili mashine ikusalimu. Tumeshangaa, limeingia bila tabu.

Mgeni rasmi, hapa karatasi inaishia. Mimi ninayesoma ni Mukakalisa, na ninaomba kuongeza neno. Karatasi imesema tuko wanane. Tumejihesabu mara tatu, tuko saba. Inamtaja katibu, na klabu yetu haijawahi kuwa na katibu. Mwandiko huu mzuri tumeuangalia wote, si wa mmoja wetu.

Tunaogopa, papa.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na huko wakupokee kwa jina lako.

Ni sisi,
Klabu ya Igisoro, Himbi, Goma.