Orrin Katajwa Seneti

Benchi letu liko mbele ya duka la Bernadine, pembeni ya pampu ya mafuta, upande wa Marekani, na kutoka hapo Kanada unaiona kwa macho. Asubuhi ile ya Machi theluji ilikuwa inalainika, miti ya mepo inakaribia kutoa utomvu, na sisi tunaouchemsha uwe asali ya mepo tulipaswa kufurahi. Tulikuwa tumenuna. Jana yake seneta wetu alisimama Seneti kutaka ifutwe hali ya dharura ambayo Rais aliitumia kutoza ushuru bidhaa za Kanada, na kati ya watu wote wanaoumia akamtaja Orrin, kwamba karai lake jipya la kuchemshia limekwama ng'ambo kwa ushuru huo. Orrin! Mimi nachemsha asali ya mepo tangu yeye hajaota ndevu. Wivu uliniwasha mwili mzima.

— Mlimsikia seneta? Eti "rafiki yangu Orrin," alisema Lyle, ambaye sisi humwita Redio. Rafiki tangu lini?

— Kapelekewa kopo la asali huyo, akajibu Shoka, mpasua mbao. Mkono mtupu haulambwi.

— Kopo? Kwa kopo hutajwi Seneti, kaka. Hilo ni pipa.

— Lakini Shoka, nikamwambia, mbao za Kanada zikitozwa si wewe unauza zako? Na wewe ulitaka utajwe kwa lipi?

— Kwani shida iko wapi? Anitaje kwamba nanufaika!

Redio akasogea, akashusha sauti.

— Nyie hamjui. Dharura yenyewe ilitangazwa ili Orrin apate jina.

— Acha zako!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia tu. Halafu yaangalieni masikio. Ya Orrin na ya seneta, mamoja. Hao ni ndugu.

Mimi masikio ya seneta sijawahi kuyatazama hata siku moja. Nikasema kweli, ni mamoja.

Orrin akatokea, macho mekundu kama hakulala.

— Mheshimiwa! Shoka akampigia saluti. Leo unakaa na sisi makabwela?

— Jina mnalitaka? akasema Orrin. Lichukueni. Karai langu la zamani limetoboka. Nimelichomelea, limevuja tena. Utomvu ukianza haungoji bunge, jamani. Mwaka huu nitaumwaga.

Wakati huohuo Rejean, dereva wa lori kutoka Quebec, kule Kanada, akasimama kwenye pampu.

— Orrin, karai lako liko ghalani kwetu. Nasikia Seneti imepitisha. Kwa hiyo ushuru umefutwa?

— Umefutwa, alisema Redio.

— Haujafutwa, alisema Shoka. Bado Baraza la Wawakilishi.

— Na wakipitisha?

— Rais anaweza kukataa.

— Sasa kesho nilivushe, au nisilivushe?

Orrin alikuwa ananitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

— Nina karai la akiba, nikasema. Njoo ulichukue kabla sijabadili mawazo.

— Kweli, mzee wangu?

— Kweli. Ila seneta akisimama tena, umwambie karai ni la nani. Na jina langu alitamke lote, mpaka la ukoo.