Bibi Mwavita Asumani, Mwosha Maiti wa Mbarara, Aliyeagiza Alazwe Nakivale

Asalaam aleikum, ndugu wa msikitini na ninyi wa makanisani mliofunga biashara zenu leo ili mtufute machozi. Haya mtakayosikia yamesemwa na Bibi Tabu, mdogo wake marehemu, ambaye kalamu hakuwahi kuishika, nami mjukuu nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani mwake.

Bibi Mwavita alizaliwa Uvira, mtaa wa Mulongwe, tarehe 3 Mei 1951, mtoto wa kwanza wa mzee Asumani Kalonda, mshona kofia, na mama Zena, watu wa ukoo uliotoka Kasongo zamani za mababu. Alisoma chuo cha Kurani miaka minne, herufi za Kurani akazijua vizuri, lakini za kizungu hakuzipata, maana shule ilitaka kila mtoto aingie na jina la ubatizo, na baba yake akajibu pale pale mlangoni, “Mutoto wangu iko na jina, hatafuti ingine,” akamshika mkono wakarudi nyumbani.

Mwaka 1969 aliolewa na Rajabu Mulamba, fundi mwashi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, wakajaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia mbele ya haki, na wawili, Saumu na Bilali, ndio hawa mnaowaona mbele yenu. Vita vya 1996 viliwatoa Uvira, wakapita Burundi, wakapita Tanzania, hata Machi 2000 wakafika hapa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wakapewa kipande cha kulima, na jembe likawashinda, kwa kuwa walikuwa watu wa mji.

Mwaka 2002 nyumba saba za Waislamu, yao ikiwemo, Wamanyema na watu wa Buyenzi ya Bujumbura, walihamia mjini Mbarara, wakakuta katika mtaa wao kimsikiti cha udongo, wakapokelewa vizuri na wenyeji, wachuuzi wa zamani na jamaa za askari wa kambi ya jeshi. Mwaka 2004 Rajabu na wanaume sita wa nyumba zile walichimba msingi wa msikiti mpya wa matofali, wakajenga kuta mpaka juu, na wake zao wakapandisha maji kutoka mto Rwizi kwa vichwa vyao, Bibi Mwavita akiwa mbele anawatania, “Tembeeni, bamama, Mungu anahesabu madumu!”

Kazi yake yeye ilikuwa kuosha maiti wa kike, na katika mtaa ule hapakuwa na mwingine aliyeijua kama yeye. Aliosha wachuuzi, aliosha wake wa askari, na kila aliyemwosha alizungumza naye kama mgonjwa, “Samahani, mama, maji iko baridi kidogo, tunamaliza sasa hivi.” Mwaka 2009 alimwosha mama yake Hajji Shafiq, mwenyekiti wa msikiti, ambaye leo ameketi pamoja nasi, na Hajji alilia siku ile mbele ya watu akasema, “Mama, wewe si mugeni tena, wewe mutu ya hapa.” Rajabu alipofariki mwaka 2011 alizikwa katika makaburi ya msikiti ule, na ubavuni mwake ikaachwa nafasi moja, kila mtu akijua ni ya nani.

Mwaka 2023 wazee wa msikiti walitaka kuandika historia ya mahali pale kwenye kibao, wakamwita yeye, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa daftari, naye kwa Ijumaa tatu akawatajia nani alichimba, nani alibeba, nani alifia kazini. Kibao kikapachikwa ukutani. Bibi Mwavita hakujua kukisoma, lakini kila Ijumaa alisimama mbele yake, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, akasema, “Huyu hapa ni bwana yangu,” na waliojua kusoma wakapita nyuma yake, wakamwacha, na Hajji mwenyewe akamwambia, “Kitu kizuri, mama, kitu kizuri sana.” Aliwaleta wageni wakione. Alimleta jirani yetu wa hapa Nakivale, Marthe, mlokole, akaja na binti yake Olga wa sekondari, na Olga ndiye aliyesema polepole, “Bibi, hapo wameandika duka iliyotoa rangi.” Marehemu akamwomba asome toka juu mpaka chini, na chini kabisa palikuwa na maneno haya tu, “na wageni wengine.”

Alipomuuliza Hajji, alijibiwa, “Mama, kibao ilikuwa kidogo.”

Wiki ile ile alirudi Nakivale. Februari 2024 dada yake Hajji alifariki, wakaja kumchukua kwa gari, kwa kuwa hawakuwa na mwosha mwingine, nasi tukamkataza, akatushangaa, “Maiti iko na kosa gani?” Akaenda, akaosha, akaomba samahani kwa maji baridi, akarudi siku ile ile bila kuonja chakula chao.

Presha ilimwangusha tarehe 20 Mei 2025, akatibiwa zahanati ya Base Camp hapa kambini, kisha hospitali ya Ruharo kule Mbarara, akarudishwa nyumbani, na alfajiri ya leo, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, akaitika wito. Hajji amekuja akisema ile nafasi ubavuni mwa Rajabu ingali wazi. Tumemshukuru, na tumemjibu kwa maneno ya marehemu mwenyewe, ambayo kuyasema kulimliza, kwa kuwa alimpenda mumewe, “Kama jina yangu haikuenea kwa kibao yenu, na mifupa yangu muniachie.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunamshukuru Marthe aliyemlisha kwa kijiko, tunawashukuru wanawake waliomwosha leo, aliowafundisha yeye, na wakamwomba samahani kwa maji.

Kibao cha kaburi lake kimechongwa kwa ubao wa sanduku, hakizidi kiganja na nusu. Aliagiza kisomwe kwa sauti na watu watatu, kila mmoja peke yake, wengine wasisikie, ili nilinganishe maneno yao, na asubuhi hii Olga amekisoma, Bilali amekisoma, na wa tatu tumemwomba Hajji Shafiq, naye amesoma maneno yale yale: “Mwavita binti Asumani, mke wa Rajabu Mulamba aliyejenga msikiti.” Maneno yote yameenea.

Pumzika kwa amani, dada, hapa hakuna anayekuita mgeni.