Wodi Iliyoanza Tupu

Mgeni rasmi,

Juu ya mlango wa chumba chetu imebandikwa kanuni ambayo hata mfagizi anaijua: jibu la jaribio moja halitoki humu, atakayelitoa atarudisha funguo. Kwa kanuni hiyo tunakukaribisha.

HISTORIA

Tu wafanyakazi saba, wenye kompyuta nne. Kazi yetu ni kuiiga hospitali ndani ya kompyuta kabla haijajengwa: wagonjwa wa kubuni hufika, hungoja, hulazwa. Kila jaribio huja na jibu lake. Kwa hiyo sisi hulirudia mara mia, tukazitupa siku za mwanzo ambazo wodi bado haijajaa, ndipo tunaposema kungoja kutakuwa kati ya muda huu na huu.

MAFANIKIO

Wodi ya wazazi uliyoifungua mwaka jana, yenye vitanda sita, ilitokana na hesabu yetu: kungoja dakika arobaini. Ulishangiliwa sana. Nasi tulipiga makofi, macho chini.

CHANGAMOTO

Hesabu ile ilikuwa ya jaribio moja. Ofisi yako ilitaka jibu kabla ya adhuhuri. Mwenzetu tunayemwita Dada Rudia, kwa kuwa neno lake ni hilo tu, alimzuia mkuu wetu mlangoni.

"Mzee, wodi hii imeanza bila mgonjwa hata mmoja. Hospitali gani hiyo, ya peponi?"

"Binti yangu, wakubwa wanasubiri."

"Basi wasubiri wao. La sivyo watasubiri wajawazito."

Mkuu akaitia sahihi hesabu ile. Baadaye tulipomaliza majaribio mia, jibu lilikuwa kati ya saa tisa na saa kumi na tatu za kungoja. Tuliiandikia ofisi yako barua tatu, hazikujibiwa. Mwezi uliopita mdogo wake Rudia alikaa kwenye benchi la wodi ile kwa muda wa saa kumi na moja. Tulimzika pamoja na mwanawe.

MAOMBI

Leo umekuja kuweka jiwe la msingi la wodi ya pili, kwa dakika zile zile arobaini. Tunaomba usiliweke. Twajua jina lako limekwisha kuchongwa juu yake, wala hatuna tumaini kubwa.

Lililobaki hatuliombi, tunalitimiza. Mkuu wetu, ndiye huyu anayekusomea, anaziweka funguo mezani mbele yako. Rudia ameketi mstari wa pili, hajamtazama.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama, akujalie na moyo wa kuahirisha.

Ni sisi, wafanyakazi saba wa Kitengo cha Uigaji. Tangu sasa, sita.