Shimo Lililokataa Kujaa

Benchi la kona lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, mkabala na duka la vipuri, na kila asubuhi lilibeba makalio yaleyale na uongo uleule. Siku hiyo Sepetu alifika kanuna. Yeye mchimba mchanga mtoni, na kazi yao ina desturi moja: unachimba shimo lako kiangazi, mafuriko yanakuja yanalijaza mchanga mpya, unaanza tena. Safari hii mafuriko yamepita, na shimo limezidi kwenda chini. Tena nyumba yake iko palepale ukingoni, na ukingo umeanza kumeguka. Akaagiza kahawa, akawaeleza wenzake. Kosa hilo! Mwenye akili timamu hapeleki shida yake kwenye benchi lile.

— Umeibiwa, alisema Breki, dereva wa lori asiye na lori. Watu wamekuja na malori wakazoa.

— Mto ulikuwa umefurika, lori lilipitaje? aliuliza Sepetu. Liliogelea?

— We cheka tu. Kuna malori siku hizi, kaka!

Kinyozi, aliyependa kuitwa Profesa, akakohoa kwanza.

— Tatizo ni lile bwawa jipya kule juu. Maji yamefungiwa muda mrefu, yakifunguliwa yanatoka na hasira.

Sepetu akageuza shingo. Angalau hapo palikuwa na jambo.

— Kwa hiyo dawa ni mafuta, Profesa akaendelea. Unamwaga mafuta ya kupikia, maji yanateleza juu kwa juu, mchanga wala haushtuki.

— Mungu wangu! Sasa tukaange mto? alimaka Sepetu.

— Mimi naona mchanga umerudi mlimani, alisema Breki. Umechoka kupigwa makoleo.

— Umepanda kwa miguu? aliuliza Profesa.

— Taratibu. Hauna haraka.

Sepetu aliwatazama kwa zamu. Hawa ndio aliowaomba ushauri hata siku ya kuoa! Alijionea aibu.

Mara mkewe akatokea, kanga imelowa hadi magotini, katoka mtoni moja kwa moja.

— Karibu kahawa, shemeji, alisema Profesa.

— Sikai. Baba watoto, maji yako meupe pe, naona hadi vidole vyangu vya miguu. Msimu kama huu si huwa tope tupu?

— Mchanga umenaswa bwawani, alisema Profesa kwa maringo. Maji yanashuka matupu, yanajibebea yanachokikuta.

— Haya. Wa kwenye shimo yameshaubeba. Chini ya chumba cha watoto kuna nini?

Breki alichungulia kikombe chake. Profesa akakumbuka kwamba kuna mteja anamsubiri saluni. 

Sepetu alijua. Msingi ule aliuchimba kwa mikono yake, na hakukutana na jiwe hata moja. Aliiacha kahawa yake ikifuka moshi, akamfuata mkewe mbio kwenda kutoa vitanda.